Mashine Inayosoma: Namna ya Kuandikia Mashine ya CNC Maagizo kwa Haraka

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

Maneno ya kuandikwa ubaoni kabla ya somo: karakana, kukereza, milimita, nukta, agizo, kisu, programu.

Hamjambo wa Ujiji, hamjambo wa Mwanga na Gungu, na ninyi wa Kibirizi mliotoka kuanika dagaa na sasa mmekaa darasani na daftari zenu. Walimu wa madarasa, nanyi hamjambo. Tafadhali hakikisheni kwamba kila mwanafunzi ana kalamu, kwa maana leo tutapiga hesabu.

Somo letu la leo ni juu ya mashine inayosoma. Si mashine ya kusomea watu habari, bali mashine ya kuchonga chuma ambayo husoma maagizo yaliyoandikwa, kisha huyafuata neno kwa neno. Mafundi huiita mashine ya CNC, yaani mashine inayoongozwa na tarakimu kwa kompyuta. Nataka mfahamu mambo matatu. Kwanza, mashine hiyo husoma nini. Pili, namna ya kuiandikia maagizo bila kupoteza muda. Tatu, kwa nini jambo hili latuhusu sisi watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika.

Nianze na hilo la tatu. Kigoma iko mwisho wa reli. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Shafti ya mashine ya kukamulia mawese ikivunjika, au puli ya injini ya boti ikipasuka, mwenye mali huwa na njia mbili. Ama aagize kutoka mbali na kungoja, ama atafute fundi hapa hapa wa kumtengenezea. Akingoja, michikichi haimngoji. Matunda yakikaa baada ya kuvunwa huharibika, na mafuta yake hupungua thamani. Kwa hiyo swali la nani awezaye kutengeneza kipande cha chuma, na kwa muda gani, si swali la mafundi peke yao. Ni swali la mkulima, la mvuvi na la mama anayeuza mawese sokoni.

Tena, watu wa Kigoma si wageni wa kazi ya chuma inayoanza katika maandishi. Wote mwaijua meli ya Liemba. Meli ile iliundwa na Wajerumani mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, na jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Ilipokwisha kuundwa ikafunguliwa tena, kipande kwa kipande. Ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa baharini mpaka Dar es Salaam, ikaletwa Kigoma. Hapa ikaunganishwa upya, na mwaka 1915 ikashushwa majini. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasije wakaiacha mikononi mwa adui. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi nyingi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Sasa fikirini. Ingewezekanaje kuunganisha tena meli ya mita 71 iliyokuja katika maelfu ya masanduku? Isingewezekana kama vipande visingekuwa na utaratibu na michoro, na watu wa kuisoma. Nyundo ilifuata karatasi. Na ndivyo ilivyo mpaka leo, ila leo hata mashine yenyewe imejifunza kufuata karatasi.

MASHINE ILIJIFUNZAJE KUSOMA?

Katika karakana ya kawaida fundi husimama mbele ya mashine ya kukereza. Chuma kinazunguka, naye ameshika mikono miwili ya mashine. Mmoja anausogeza kisu mbele, mwingine anausogeza pembeni. Macho yake yako kwenye chuma, na kipimio kiko karibu. Fundi hodari hutengeneza kitu kizuri sana kwa njia hii. Lakini mwambie atengeneze vitu 50 vinavyofanana kabisa, au kitu chenye umbo la kupindapinda kama rafadha, yaani lile pangaboi la nyuma ya boti. Hapo atachoka, na cha 50 hakitafanana na cha kwanza.

Huko Marekani, mtu mmoja aitwaye John Parsons alikuwa akitengeneza mabapa ya helikopta. Umbo lake lilikuwa gumu, na hesabu zake zilikuwa nyingi. Akawaza: kama umbo lote naweza kuliandika kwa tarakimu, kwa nini tarakimu zenyewe zisiiongoze mashine? Wazo hilo likapelekwa katika chuo cha MIT, na mwaka 1952 wakaonyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Kila safu ya matundu ilikuwa na maana yake, na mashine ikayasoma.

Lakini kukatokea taabu mpya. Mashine ilikuwa ya haraka, ila kuandika maagizo yake kulichukua muda mrefu mno. Kwa sababu hiyo wataalamu wa chuo hicho hicho, wakiongozwa na Douglas Ross, wakatunga lugha ya kuifanya kompyuta ipige zile hesabu badala ya mtu. Mwaka 1959 waliwaita waandishi wa magazeti, wakawagawia visahani vya kutilia majivu ya sigara vilivyochongwa kwa njia hiyo. Taabu ile ya mwaka 1952 ndiyo tunayoizungumza leo: kazi ya kuchonga ni dakika, kazi ya kuandika ni saa.

MASHINE HUSOMA NINI?

Sasa chukueni kalamu. Mashine haisomi hadithi. Husoma herufi na tarakimu. Kwa hiyo hata asiyejua Kiingereza aweza kujifunza kuyasoma maagizo yake, mradi anajua herufi zake na anajua kuhesabu.

Kwanza ni lazima mashine iambiwe mahali. Fikirini mmesimama ufuoni Kibirizi, mnatazama Kongo. Boti ikienda mbele kuelekea Kongo, huo ni upande mmoja, tuuite X. Ikienda kando ya ufuo, kuelekea Gombe au kurudi, huo ni upande wa pili, tuuite Y. Na nanga ikishushwa chini majini, huo ni upande wa tatu, tuuite Z. Kwa X, Y na Z unaweza kutaja mahali popote ziwani, juu ya maji au chini yake. Kisu cha mashine nacho huambiwa mahali pake kwa njia hiyo hiyo, kwa milimita.

Tuseme tuna kibamba cha chuma, na tunataka kuchonga mfereji ulionyooka, kisu kikisafiri milimita 80 kwa kina cha milimita 5. Maagizo makuu ni haya. Nitasoma polepole ili mwalimu ayaandike ubaoni.

M03 S800
G00 Z50.0
G00 X10.0 Y10.0
G00 Z2.0
G01 Z-5.0 F100
G01 X90.0
G00 Z50.0
M05
M30

Tuyafasiri. M03 S800 maana yake: zungusha kisu, mara 800 kwa dakika. G00 ni kwenda mbio bila kukata. G01 ni kwenda taratibu ukikata, kwa mstari ulionyooka. F100 ni mwendo wa milimita 100 kwa dakika. Basi kisu kinainuka juu salama, kinaenda mahali pa kuanzia, kinashuka karibu na chuma, kinaingia milimita 5, kinakata mpaka X90, kinainuka. M05 ni simamisha mzunguko. M30 ni mwisho wa kazi. Yako maagizo mengine ya kuiandaa mashine, lakini hayo ndiyo mwili wa kazi.

Tazameni ile nukta katika X10.0. Msiidharau. Ziko mashine ambazo ukiandika X10.0 husoma milimita 10, lakini ukiandika X10 bila nukta husoma sehemu 10 za elfu moja za milimita, yaani kitu kidogo kuliko unene wa unywele. Mtu atajua ulikusudia nini. Mashine haitajua. Itafuata ulichoandika. Mkisikia walimu wenu wakikazania nukta na koma, msidhani wanawasumbua bure.

Sasa hesabu ya kwanza. Safari ya kisu ni milimita 80, mwendo ni milimita 100 kwa dakika. Kuukata kutachukua muda gani? Nitanyamaza kidogo.

(Kimya.)

Jawabu ni sehemu 8 za kumi za dakika, yaani sekunde 48.

KWA NINI KOMPYUTA ISAIDIE KUANDIKA?

Mistari 9 tuliyoiandika ni rahisi. Lakini rafadha haina mstari ulionyooka hata mmoja. Ili kisu kifuate mapindo yake, yahitajika maelfu ya mistari. Hakuna mtu atakayeiandika kwa mkono bila kukosea. Hapo ndipo huja programu za kompyuta ziitwazo CAM, yaani programu za kusaidia utengenezaji.

Kazi ya programu hiyo huenda kwa hatua nne. Hatua ya kwanza, fundi huchora kitu chake katika kompyuta kwa vipimo kamili. Hatua ya pili, huiambia kompyuta ana kipande gani cha chuma, ana visu gani, na kipi kianze. Hatua ya tatu, kompyuta hupiga hesabu ya njia ya kisu, na kumwonyesha fundi njia hiyo katika kioo, kama sinema, kabla chuma hakijaguswa. Hatua ya nne, kompyuta huigeuza njia hiyo kuwa maagizo ya G na M.

Hatua ya nne ina mkalimani wake. Mashine zote hizi husema lugha moja, lakini kila moja ina lahaja yake, kama vile Muha na Mbembe wanavyoweza kusema Kiswahili kila mmoja kwa matamshi yake. Ukiipa mashine maagizo yaliyoandikwa kwa lahaja ya mashine nyingine, yaweza kukataa, au mbaya zaidi, yaweza kuelewa vingine. Kwa hiyo kabla ya yote, mchagulie mashine yako mkalimani anayeijua.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo kiini cha somo. Wengi hudhani kwamba mashine za namna hii ni za viwanda vikubwa tu. Hebu tupige hesabu. Tuseme kuna kipande ambacho fundi hukitengeneza kwa mkono kwa dakika 60. Mashine hukichonga kwa dakika 10 tu, lakini kuyaandika maagizo kwa mkono huchukua dakika 180. Mteja akitaka vipande 1,000, zile dakika 180 si kitu. Lakini nani Kigoma huagiza shafti 1,000? Hapa mteja huja anataka 3. Kwa vipande 3, fundi wa mkono atatumia dakika 180. Mashine itatumia 180 za kuandika na 30 za kuchonga, jumla 210. Mashine imeshindwa!

Sasa tuseme fundi anatumia programu ya kompyuta vizuri, na maagizo yanakuwa tayari kwa dakika 60. Kwa vipande vile vile 3, ni dakika 60 na 30, jumla 90. Sasa mashine imeshinda, tena kwa nusu ya muda. Kwa hiyo palipo na kazi chache chache, kama huku kwetu, kuandika kwa haraka ni jambo kubwa kuliko hata wepesi wa mashine yenyewe. Tajiri mwenye kiwanda aweza kuvumilia uandishi wa polepole. Karakana ya mji mdogo haiwezi.

Na haki isemwe: kama ni kipande 1 tu, tena cha umbo rahisi, mwacheni fundi wa mkono afanye kazi yake. Katika hesabu yetu yeye ni dakika 60, mashine ni 70.

MAMBO MATANO YA KUPUNGUZA MUDA

La kwanza: kisu kikubwa kitangulie. Mchonga mtumbwi haanzi na tezo. Huanza na shoka, akaondoa mbao nyingi kwa haraka, kisha tezo humaliza uso. Katika programu ya CAM nako, agiza kisu kipana kiondoe chuma kingi, kiache ganda jembamba. Kisha kisu chembamba kipite mara ya mwisho. Na umwambie kompyuta kwamba kisu chembamba kiende pale tu ambapo kikubwa hakikufika, kama pembeni. Usipomwambia hivyo, kitazunguka kila mahali kikikata hewa.

La pili: ondoa safari za bure. Tuseme kibamba kina matundu 20. Baada ya kila tundu kisu kinainuka mpaka milimita 50, na hali hakuna kizuizi chochote njiani; milimita 2 zingetosha. Kwa kila tundu kisu kimepanda milimita 48 za bure na kushuka 48 za bure, jumla 96. Tuseme mashine hukimbia milimita 80 kwa sekunde. Safari hiyo ni sekunde 1 na sehemu 2 za kumi. Mtasema, sekunde moja ni nini? Zidisheni kwa matundu 20: sekunde 24. Zidisheni kwa vibamba 100: sekunde 2,400, yaani dakika 40. Dakika 40 za umeme na za mshahara zimepotea hewani, na rekebisho lake ni tarakimu moja katika programu. Lakini angalieni: kama kuna chuma cha kushikilia kazi katikati ya njia, kisu na kiinuke juu ya chuma hicho. Kubana muda si kuvunja mashine.

La tatu: panga kazi kwa kisu, si kwa tundu. Tuseme kuna matundu 4, na kila tundu lahitaji vifaa 3: cha kuweka alama, cha kutoboa, na cha kukata hesi, yaani zile nyuzi za skrubu. Ukimaliza tundu moja moja, utabadilisha vifaa mara 12. Ukiweka alama zote kwanza, kisha ukatoboa yote, kisha ukakata hesi zote, utabadilisha mara 3. Kama mashine yenu hubadilishwa vifaa kwa mkono, na kila badilisho ni dakika 2, hiyo ni dakika 24 dhidi ya dakika 6. Wavuvi mnalijua hili. Hakuna anayekwenda sokoni mara moja kwa kila samaki.

La nne: kisu kibebe mzigo ulio sawa. Mlimaji akizamisha jembe lote katika udongo mgumu, hukwama. Akichukua tabaka la kiasi, huenda siku nzima. Kisu cha mashine kikiingia katika pembe, chuma hukizunguka pande mbili, mzigo hupanda ghafula, na kisu huvunjika. Zamani fundi aliogopa pembe moja, basi akapunguza mwendo wa kazi nzima. Programu za siku hizi hujua kukipitisha kisu kwa vizunguko vidogo vidogo, kikikwangua unene ule ule kila mara, hata pembeni. Na kwa kuwa mzigo haupandi, kazi yote yaweza kwenda kwa mwendo mkubwa zaidi, na kisu hudumu.

La tano: weka akiba ya kazi iliyokwisha fanywa. Fundi cherehani mwerevu hatupi kiolezo cha gauni baada ya kushona. Katika programu ya CAM unaweza kuhifadhi orodha ya visu vyako vyote, upana wa kila kimoja na mwendo wake katika chuma, shaba na mbao. Unaweza kuhifadhi utaratibu mzima wa kutengeneza puli. Puli nyingine ikija yenye kipimo tofauti, unabadilisha vipimo tu, na kompyuta inapiga hesabu upya. Hapa ndipo dakika 180 hugeuka kuwa 60, na 60 zikawa 15.

HESABU YA MZUNGUKO

Sasa hesabu ya pili. Katika orodha hiyo ya visu lazima uandike mzunguko unaofaa. Usikisie. Kanuni ni hii. Chukua mwendo wa kukata kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 1,000, kisha gawanya kwa 3.14 mara upana wa kisu kwa milimita. Kwa kisu cha kawaida cha chuma kigumu na kazi ya chuma laini, mita 30 kwa dakika ni mwanzo mzuri. Kisu cha upana wa milimita 20: 30,000 gawanya kwa 62.8. Jawabu ni kama 478. Kisu cha milimita 10: 30,000 gawanya kwa 31.4. Jawabu ni kama 955. Mmeona? Kisu kikipungua nusu, mzunguko huongezeka maradufu. Anayejua kugawanya hataunguza kisu. Asiyejua atanunua visu kila juma.

HADHARI

Ile sinema ya kompyuta ni msaada mkubwa, lakini ina upofu wake. Huona tu ulichokichora. Kama hukuchora jiliwa, yaani vaisi inayoshika kazi, kompyuta haijui kwamba jiliwa lipo, na kisu kitaligonga. Kwa hiyo mara ya kwanza ya kila kazi, inua kipimo cha Z juu ya chuma, acha mashine ipite hewani polepole, na kidole kiwe karibu na kitufe chekundu cha kusimamisha. Vaa miwani ya kazi. Mkono usiwe na glavu wala mkono wa shati unaoning'inia karibu na kitu kinachozunguka.

Jambo jingine ni umeme. Ukikatika wakati kisu kiko ndani ya chuma, usiwashe mashine na kuanza tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Toa kisu kwa uangalifu, kipime, uirudishe mashine katika sifuri yake, ndipo uanzie mstari unaofaa. Ndiyo sababu ya kuzigawa kazi ndefu katika sehemu fupi fupi: ukipotea njiani, hutarudi mwanzo wa safari.

JE, MASHINE ITATUNYANG'ANYA KAZI?

Najua swali hili limo vichwani mwenu. Sitawadanganya. Kazi ya kuzungusha mkono wa mashine kutwa nzima hupungua pale mashine za CNC zinapofika. Lakini mashine haijui chuma kipi ni kizuri na kipi ni chakavu. Haijui kwamba shafti ilivunjika kwa sababu beringi iliisha, na kwamba ukitengeneza shafti mpya bila kubadilisha beringi itavunjika tena. Haijui mteja anahitaji nini. Hayo anayajua fundi. Mtu wa hatari si fundi wa zamani. Mtu wa hatari ni yule anayeiwasha mashine bila kuujua ufundi, na yule fundi anayeujua ufundi lakini amekataa kusoma.

Fundi mwenye miaka 20 ya kukereza, akijifunza kusoma maagizo, atamshinda kijana aliyejifunza kompyuta peke yake. Sikio lake tayari linajua mlio wa kisu kilicholemewa. Analokosa ni maandishi tu, na maandishi mnajifunza sasa hivi katika darasa hili.

Mtauliza pia, tuanzie wapi, na mashine ni ghali? Ni kweli, ni ghali, na si lazima kila mtu awe nayo. Mafundi watano wanaweza kushirikiana. Na mazoezi hayaanzi na mashine, huanza na kompyuta ya kawaida. Ziko programu za bure. Mojawapo huitwa FreeCAD, yenye sehemu ya kuchora na sehemu ya kutengeneza njia za visu. Mtu aweza kuchora puli, akatazama kisu kikipita katika kioo, akakosea mara 100, na chuma kisipotee hata gramu moja. Kwa ufundi wenyewe, vyuo vya VETA vipo kwa kazi ya kufundisha, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lipo kwa kuwasaidia wenye karakana. Nendeni mkaulize. Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA DARASA

1. G00 na G01 zina tofauti gani?
2. Katika mfano wetu wa mfereji, kama mwendo ungekuwa F200, kukata kungechukua sekunde ngapi? Je, ni nini chaweza kutokea kisu kikisukumwa kupita kiasi?
3. Mteja anataka vipande 10. Tumia tarakimu za somo: kwa mkono dakika 60 kila kimoja, kwa mashine dakika 10 kila kimoja, na za kuandika ni 180 au 60. Andika jumla tatu, kisha useme ipi ni bora.
4. Kisu kina upana wa milimita 5. Mwendo wa kukata ni mita 30 kwa dakika. Tafuta mzunguko.
5. Jadilianeni: ni kipande gani cha chuma ambacho watu wa kijiji chenu hukingoja kutoka mbali? Kipimeni, kichoreni katika karatasi, mkiandike vipimo vyake kwa milimita, na msisahau nukta.

Ndugu wasikilizaji, lifanyeni hilo swali la 5 kwa bidii kuliko yote. Mchoro wenye vipimo sahihi ni nusu ya kazi, na fundi wa mji wowote anaweza kuusoma. Siku mashine ya namna hii itakapofika karakana ya karibu nanyi, mtakuwa na kitu cha kuipa isome.

Kwaherini, na kazi njema.